Ng'ombe wa Watu

Josho la kijiji chetu lilikuwa limekufa miaka kadhaa kabla ng'ombe yule hajatumbukia ndani yake. Nilipokuwa shule ya msingi lilikuwa bado zima. Kila kijiji kilikuwa na siku yake ya kuogesha, na siku yetu ilipofika harufu ya dawa ya kupe ilitufuata hadi madarasani. Ng'ombe walitumbukia mmoja mmoja, wakaogelea pua zikiwa juu, wakatokea upande wa pili wakijikung'uta na kutulowesha sisi tuliosimama kushangaa. Dawa ilikuwa ya serikali. Baadaye tukaambiwa mambo sasa ni ruksa, kila mtu ajitegemee, na wafugaji wachange wenyewe. Walichanga mara moja, mara ya pili wakagombana, mara ya tatu mkutanoni alikuja mwenyekiti peke yake. Mabati ya paa yakaondoka, kisha nguzo, kisha miti iliyofunika shimo. Mimi niliolewa josho likiwa na paa. Niliporudi kutoka kwa mume lilikuwa shimo la saruji lenye maji ya mvua na vyura.

Nasema niliporudi kwa sababu ndivyo watu wa kijijini walivyopenda kusema, kwa upole, kana kwamba nilikuwa nimetoka sokoni. Nilirudi kwa kuchoka kupigwa. Ng'ombe wa mahari nao wakarudi walikotoka, kama tuliopishana njiani. Zizi la Baba likabaki na maksai wawili wa kulimia, ng'ombe wachache waliokonda, na ng'ombe mmoja mzuri ambaye hakuwa wake.

Huyo mzuri alikuwa wa rafiki yake wa ujana. Walichunga pamoja na kucheza ngoma pamoja, wakalima pamba bega kwa bega, mpaka mwenzake alipohamia Mwanza na kufungua duka mtaa wa Mirongo. Sisi watoto tulimwita Baba Mdogo, ingawa hatukuwa damu moja. Alipoondoka alimwachia Baba mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, amlishie, kama ilivyo desturi ya kwetu. Anayelisha anakunywa maziwa na kutumia mbolea, na mwenye mali akiridhika siku moja humpa ndama. Nyama si yake. Ng'ombe akiumia, mwenyewe aje amwone kwa macho yake kabla kisu hakijatolewa alani. Akifa ghafla, ngozi ipelekwe kwa mwenyewe aikague. Ndivyo watu walivyoweza kulala usingizi huku mali yao iko kwenye zizi la mwingine.

Ng'ambo ya mbuga alikuwako mzee aliyewahi kuchinja ng'ombe wa watu, akasema ameanguka kwenye mawe. Huenda kweli alianguka, ila hakuna aliyeona. Tangu hapo, kila alipopita kwenye kilabu cha pombe, watu waliacha kuongea wakaanza kutafuna midomo mitupu kama wanaokula nyama, mpaka akaacha kupita. Wanawe walipotaka kuoa walikwenda kutafuta wake mbali, kusikojulikana habari zao. Nilimwona Baba naye akitafuna na wenzake. Alicheka sana siku hiyo, na Baba hakuwa mtu wa kucheka.

Ng'ombe wetu, nitamwita wetu maana mimi ndiye niliyemkamua, alitumbukia asubuhi moja mwanzoni mwa kiangazi. Kundi lilikuwa njiani kwenda ziwani kunywa maji, naye akasikia harufu ya maji karibu zaidi. Lango la josho limejengwa kwa makusudi: ng'ombe akishakanyaga ule mteremko hawezi kurudi nyuma, hana budi kwenda mbele. Zamani mbele kulikuwa na maji marefu ya dawa ya kuogelea. Sasa kulikuwa na maji ya magotini na saruji. Niliusikia mshindo nikiwa shambani, nikadhani mtu kaangusha gogo.

Wanaume walimtoa kwa kamba, wakimvuta na kutukanana, huku ndama wake akilia juu ya ukingo. Walipomlaza kwenye nyasi tuliona mguu wa nyuma wa kulia umevunjika juu ya goti na mfupa umetoboa ngozi. Baba alikuja mbio kutoka kwenye pamba. Hakuuliza ng'ombe yukoje. Aliuliza, "Nani ameona akianguka?"

Hakuna aliyeona. Wachungaji walikuwa mbele na kundi.

Bwana mifugo alikuja mchana. Alikuwa mtu wa Bukoba, msomi, na zamani alikuwa akituletea dawa kwa pikipiki ya serikali. Serikali ilipopunguza watu naye akapunguzwa. Akafungua kiduka cha dawa za mifugo Misungwi, na pikipiki ikawa baiskeli. Hata hivyo sisi tuliendelea kumwita bwana mifugo, naye aliendelea kuvaa ile kofia yake ya kazini. Alipiga magoti, akaupapasa mguu kwa vidole viwili, akanusa kidonda, akasimama.

"Mzee, nikufurahishe au nikueleze?"

"Nieleze."

"Huyu hasimami tena. Angekuwa mbuzi tungemfunga vijiti akapona. Ng'ombe mwenye uzito huu, na mfupa umeshaonja hewa, hapana. Mchinjeni leo hii, nyama ingali nzuri."

"Si wangu," Baba alisema.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwanza."

"Basi tumeni mtu haraka. Ila msimwache akae hivi. Mnyama huyu anaumia."

Baba alimtazama ng'ombe kwa muda mrefu, kisha akawatazama wanaume waliokuwa wakikunja kamba zao taratibu kupita kiasi. Wote walikuwa majirani zetu, na kila mmoja alikuwa na mdomo.

"Sindano unayo?" aliuliza.

"Ninayo, lakini itasaidia nini? Itachelewesha kidonda kuoza kidogo tu. Na nikishamchoma, nyama yake haifai kuliwa, wala maziwa yake hayafai kunywewa, mpaka dawa iishe mwilini. Hatafika huko."

"Mchome."

Bwana mifugo alidhani hakusikia vizuri. Baba akarudia, safari hii kwa sauti ya kusikika hadi kwa wale wa kamba: "Mchome sasa hivi. Kesho mtu akija kusema niliitamani nyama ya ng'ombe wa watu, nimjibu kwamba nyama yenyewe niliiharibu kwa mkono wangu, siku ileile, mbele yenu wote."

"Mzee wangu," bwana mifugo alisema, "mimi nilisomea kutibu wanyama. Midomo ya watu sikuisomea."

Lakini alimchoma. Mteja ni mteja. Alisafisha kidonda, akakinyunyizia ile dawa ya rangi ya zambarau, akaufunga mguu kwa mbao za sanduku na vipande vya tyubu ya baiskeli. Kazi ilikuwa safi, ya mtu anayejua. Wakati anafungasha vitu vyake aliniambia kwa sauti ya chini nimgeuze ng'ombe asubuhi na jioni asipate vidonda vya kulalia, nimwekee nyasi kavu chini, nimfukuzie nzi. Kisha akasema, "Dada, ongea na mzee. Hii siyo tiba."

Nilijua si tiba. Hata Mama alijua, naye tangu nizaliwe hajawahi kusema Baba amekosea.

Tulimburuta hadi nyumbani juu ya lango la zizi lililong'olewa, maksai wakivuta, naye kila tulipopita kwenye jiwe alisaga meno. Mpaka siku hiyo sikujua kwamba ng'ombe akiumwa sana halii. Anasaga meno. Ukikaa karibu naye unasikia sauti kavu, ya taratibu, isiyokoma, na ukienda kuteka maji unaendelea kuisikia kichwani. Tulimlaza kando ya zizi, Mama akamjengea kivuli cha mabua. Na hapo ndipo kazi yangu ilipoanza, kazi ambayo sikuipenda hata kidogo na ambayo nisingemwachia mtu mwingine.

Kumgeuza kulihitaji watu wanne na magogo mawili. Mwanzoni majirani walikuja kusaidia, tena kwa wingi, kwa kuwa walitaka kuona. Walipokwisha kuona wakaacha kuja. Tukabaki mimi, Mama, Baba na kaka yake Baba, mzee wa kukohoa. Nilimletea maji yenye chumvi kwenye beseni, nikamshikia kichwa anywe. Nilimkatia majani ya viazi. Funza walipoingia kwenye kidonda, chini ya zile mbao, niliwatoa kwa kijiti na kumiminia maji ya tumbaku, naye akanitazama kwa jicho moja lililogeukia juu. Watu husema macho ya ng'ombe ni ya upole. Mimi sikuona upole. Niliona mnyama aliyekuwa akingoja nimalize.

Kilichomuumiza Mama zaidi ni maziwa. Ng'ombe alikuwa bado anayo. Chuchu zilijaa, na zisipokamuliwa angepata maumivu mengine, basi nilijibanza ubavuni mwake nikamkamua hivyohivyo amelala, kisha nikayamwaga nyuma ya zizi. Maziwa meupe kabisa, yenye povu. Watoto wa jirani walisimama wakiangalia yanavyonywewa na vumbi. Ndama ndiye pekee aliyeendelea kunyonya, akipiga magoti, akimsukuma mama yake kwa kichwa kama ndama wote wanavyofanya, na kila alipomsukuma meno yalisaga.

Baba hakuwahi kumpita bila kusimama. Nilimchukia kwa hilo. Angekuwa mtu katili ningemwelewa. Lakini alikuja na kuchuchumaa, akamkuna yule ng'ombe penye baka jeupe, akamwambia maneno ya Kisukuma ya kubembelezea, maneno ambayo sikumbuki kama mimi niliwahi kuambiwa. Kisha alinyanyuka akaenda kwenye pamba yake, na ng'ombe akabaki na mguu wake.

Tulikuwa tumetuma salamu kwa mwenye ng'ombe kwa watu waliokwenda mjini, lakini salamu hazikurudi. Nikasema nitakwenda mwenyewe. Nilipanda lori la pamba barabarani, juu ya magunia, nikashuka mjini na pamba kichwani na nguoni.

Duka la Baba Mdogo lilikuwa limejaa hadi darini. Mabeseni ya plastiki, chupa za chai zenye maua, redio, kufuli, viatu vya mitumba vimefungwa jozi jozi na kuning'inizwa mlangoni. Alikuwa amenenepa na kufuga ndevu kidogo. Nilimwamkia, "Shikamoo Baba Mdogo," akaitikia marahaba huku akimrudishia mteja chenji, kisha akanitazama mara mbili ndipo akanitambua. Alifurahi kwa dhati, sitamsingizia. Aliniagizia soda.

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akapiga ulimi.

"Masikini ya Mungu. Sasa mnanisubiri mimi wa nini? Ng'ombe kavunjika mguu, si mchinje?"

"Baba anasema mpaka umwone."

"Nimwone nini? Kwani Baba yako ni wa kunidanganya?" Alicheka, akawageukia wateja kama mtu anayetaka washirika. "Wazee wa kule bado wako kulekule. Nenda kamwambie nimesema achinje. Basi."

"Hatakubali neno langu, Baba Mdogo. Njoo wewe."

"Wiki hii nina mzigo unaingia kutoka Kenya. Siwezi kuacha duka."

"Basi nipe kitu. Kitu atakachokijua kuwa ni chako."

Hilo alilielewa. Nalo ni la kwetu, mtu hutuma fimbo yake au usinga wake, na mpokeaji akikiona ni kama amemwona mwenyewe. Baba Mdogo aliinama chini ya kaunta. Akaenda chumba cha nyuma, nikamsikia akifungua makabati, akimuuliza mkewe habari za fimbo moja ya zamani. Alirudi na kofia mpya, akaigeuza mkononi, akaiweka chini. Aliangaza macho duka zima, kwenye rafu zote zile zilizojaa, akitafuta kitu kimoja ambacho rafiki yake wa miaka yote angekitambua. Hakukipata.

"Jumapili nakuja," alisema. "Mwambie Jumapili, bila kukosa."

Niliporudi Baba alikuwa ananingoja barabarani, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Amesema uchinje," nilimwambia kabla hata sijashuka vizuri.

"Umekuja na nani kutoka kwake?"

"Hakuna. Amesema kwa mdomo. Jumapili atakuja, lakini amesema usimngoje, uchinje."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wateja wake."

"Wateja wake siwajui." Alichukua mzigo wangu akautia begani. "Wewe ni binti yangu, umerudi, unakula kwangu. Watasema binti kamsemea baba yake. Tutangoja Jumapili."

"Kwa hiyo mimi muongo?"

"Sijasema hivyo."

Hakusema hivyo hata mara ile ya kwanza. Mara ya kwanza nilipokimbia kutoka kwa mume wangu na kueleza yaliyonipata, Baba alinisikiliza vizuri, akanipa chakula, na asubuhi akanisindikiza kunirudisha. Maneno ya mdomo, alimwambia Mama, kila mwanamke anayo. Mara ya pili nilikuja na mkono wa kushoto umevunjika, umefungwa kwa kitenge. Huo aliuona. Siku hiyohiyo alitoa ng'ombe wa mahari zizini bila kubishana na mtu, na watu walimsifu kwa hilo. Ndivyo alivyokuwa Baba, jambo likishapita machoni mwake hakulirudia tena. Tabu ilikuwa ni kulifikisha machoni.

Nilijaribu njia nyingine. Nilimwendea kaka yake Baba, yule mzee wa kukohoa, nikamwomba achinje tu, lawama nitabeba mimi. Alikohoa, akasema lawama ya mwanamke haina mabega. Bwana mifugo alipita siku moja bila kuitwa, baiskeli imejaa vumbi. Alimtazama ng'ombe, akamtazama Baba, akasema anaweza kummaliza kwa dawa, taratibu, bila kisu, na hatataka malipo. Baba akafikiri. Nilimwona kweli akifikiri, midomo yake ikisogea. Kisha akatikisa kichwa. Alisema ngozi ikifika kwa mwenyewe, isiwe na mahali pa kuulizwa.

"Mzee, mwenye ng'ombe atauliza ngozi," bwana mifugo alisema. "Ng'ombe je, atamuuliza nani?"

Baba alimkaribisha maji ya kunywa.

Jumapili ilifika. Mama alichinja jogoo, maana mgeni wa ng'ombe hapokelewi kwa mlenda. Baba alioga mapema, akavaa koti lake la kanisani lenye vifungo viwili, akakaa kwenye kigoda mahali anapoweza kuona njia. Nilimsafisha ng'ombe vizuri kuliko siku zote. Nilimfuta uso, nikabadilisha nyasi, nikafungua zile mbao ili mwenyewe aone kila kitu, na harufu iliyotoka ilinifanya nigeukie pembeni. Mguu chini ya goti ulikuwa umekwisha kuwa mweusi. Nilijiambia: leo, kabla ya jua kuzama, utapumzika. Nilimwambia hata yeye hivyo, kwa sauti, sikuona aibu.

Jua lilizama. Jogoo alilala chunguni mpaka Jumatatu, tukamla bila mtu kusema chumvi imezidi au imepungua. Baba alilivua koti akalikunja. Alisema huenda mzigo wa Kenya umechelewa.

Baada ya hapo ng'ombe aliacha kunywa. Nilimshikia kichwa, maji yakaingia mdomoni na kutokea upande wa pili. Hakusaga meno tena, na mimi mjinga nikadhani amepata nafuu. Siku moja kulipopambazuka nilikuta ndama amepiga magoti, ananyonya, anasukuma kwa kichwa, na mama yake amekufa muda mrefu, miguu imekakamaa. Ndama hakujua. Nilikaa chini pale pale nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Huzuni nilikuwa nimeimaliza mapema.

Nyama yote ikafukiwa. Ng'ombe mzima, kijiji kizima kikimeza mate, akatupwa shimoni na kufunikwa kwa mawe ili fisi wasimfukue. Kabla ya kufukia, Baba alimchuna mwenyewe, polepole, asitoboe ngozi hata mahali pamoja. Akaitandaza juani, akaipaka chumvi. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: aliukata ule mfupa uliovunjika, akauchemsha, akaukausha, akaufunga ndani ya gunia. Aliponiona nikitazama akasema, "Ngozi inaonyesha kwamba amekufa. Mfupa unaonyesha kilichomuua."

Tulikwenda Mwanza pamoja, juu ya lori la pamba, ngozi imekunjwa katikati yetu. Abiria wengine walisogea mbali kwa ajili ya harufu. Baba alikuwa amevaa lile koti. Njia nzima aliweka mkono juu ya gunia kama mtu aliyeshika mtoto asianguke.

Dukani kulikuwa na wateja wengi. Baba alisimama mlangoni, chini ya vile viatu vilivyoning'inia, akavua kofia, akamwamkia rafiki yake kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Baba Mdogo akaitikia kwa Kiswahili, "Ah, mzee! Karibu, karibu sana," akatoka nyuma ya kaunta kumkumbatia. Akasikia harufu. Akarudi nyuma hatua.

"Nimekuletea ng'ombe wako," Baba alisema, akaanza kuikunjua ngozi sakafuni, kati ya mabeseni.

"Rafiki yangu, rafiki yangu, hapana, si hapa. Watu wananunua." Alimshika mkono kwa upole. "Pole sana. Pole mno. Ile Jumapili mzigo ulinibana. Lakini si nilimwambia huyu binti yako mchinje tu? Hakukwambia?"

Baba alikuwa amepiga goti moja, ngozi imefunuka nusu, baka jeupe linaonekana.

"Angalia shingo," alisema. "Hakuna kisu."

"Nakuamini, ndugu yangu. Tangu lini nikakutilia shaka?"

Baba akafungua gunia akautoa mfupa, akamnyooshea. "Angalia na hapa ulipovunjikia. Niliomba achomwe dawa siku ileile, nyama isiliwe. Bwana mifugo ni shahidi. Uliza."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua chupa ya chai aliirudisha, akatoka. Baba Mdogo alimtazama akitoka.

"Nakuamini," alirudia, sasa kwa haraka.

"Sikuja uniamini," Baba alisema. "Nimekuja uone."

Basi akaona. Aliinama kidogo, akautupia mfupa jicho, akasema, "Nimeona, mzee wangu. Nimeona kabisa." Akamwita kijana wa dukani aitoe ngozi nje kwa nyuma. Akasema yule ndama tumchukue, ni wetu, na akampa Baba beseni jipya la bluu ampelekee Mama. Sidhani alitaka kumdhalilisha. Alikuwa mtu mwema aliyekuwa na wateja. Kule kwetu alikuwa ameacha ng'ombe mmoja, na hata huyo alikuwa amekwisha kumsahau kiasi cha kumsamehe bure mtu aliyemlisha.

Tulitoka. Ngozi ilikuwa imetupwa kwenye mtaro wa nyuma unaoteremka kuelekea mto, na mbwa wawili walikuwa wameshaishika kila mmoja kwa upande wake. Baba aliwaona. Sikuthubutu kumtazama, nikatazama beseni. Alitembea mpaka kwenye kingo za daraja, akaketi, mfupa bado mkononi. Hakuna aliyekumbuka kuupokea.

"Siku ile ulipokuja kwake," aliniuliza, "alisema hivihivi? Nichinje tu?"

"Hivihivi, Baba."

"Kwa maneno haya haya?"

"Haya haya."

Akatikisa kichwa taratibu, muda mrefu. Nilitaka kumwambia maneno makali, nilikuwa nimeyabeba tangu siku ya sindano, nikayatafuta nisiyaone. Chini ya daraja maji yalipita na mifuko ya plastiki na maganda ya ndizi. Baba aliuweka mfupa pembeni yake. Kisha akaushika mkono wangu wa kushoto, akapitisha kidole gumba juu yake, taratibu, mpaka akafika pale palipovunjika, pale mfupa ulipounga upande. Alipapasa hapo kama alivyozoea kumpapasa ng'ombe. Tangu nirudi nyumbani alikuwa hajawahi kuugusa mkono ule, maana alikwisha kuuona na kuona kulimtosha.

"Ulikuja ukaniambia," alisema.

"Nilikuambia."

Aliuachia mkono. Tukakaa pale mpaka malori ya Misungwi yakaanza kupiga honi, ndipo tukanyanyuka, mimi na beseni, yeye mikono mitupu. Mfupa tuliuacha ukingoni. Ndama hakuishi hadi mvua. Mkono wangu hadi leo umepinda.